Sauti ya Milango

Sikwenda sinema siku ile kwa kupenda filamu. Nilikwenda kwa sababu saa kumi na moja jioni mwalimu mkuu mmoja aliyefiwa na mkewe alikuwa anakuja nyumbani kwetu kuniangalia, na mimi sikutaka kuangaliwa.

Mama alikuwa ameshanipigia simu kazini mara tatu tangu asubuhi.

"Utavaa lile gauni la kijani?"

"Nitavaa nilichonacho, Mama."

"Ulichonacho ni koti la kazi lililojaa vumbi la vioo. Mwanangu, una miaka thelathini na mitatu. Mtu mzima anakuja na heshima zake, mpokee kwa heshima."

"Nitakuja."

"Sikusema uje. Nimesema uwahi."

Mimi ni fundi wa miwani. Jumamosi tunafunga duka saa saba mchana. Nilizima mashine ya kusagia lenzi, nikapangusa meza, nikarudisha bisibisi ndogo kwenye kasha lake, nikatoka. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kichovu, isiyokatika wala kuzidi. Nilipofika kwenye jumba la sinema nikaliona tangazo ukutani: Bandari ya Zohali: Mwanzo. Nikasimama pale na mwavuli wangu kama mtu aliyekutana njiani na shemeji wa zamani.

Filamu za Bandari ya Zohali zilikuwa tano, na zote tano niliziona na Rula.

Watu walimwita Rula kwa sababu ya urefu wake na kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa mchoraji wa ramani za majengo katika ofisi ya wahandisi, nyumba ya tatu kutoka dukani kwetu. Aliingia siku moja na fremu iliyovunjika mkono, akaniuliza kama inatibika au tuizike. Nilicheka, naye akarudi kesho yake na fremu ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Tulipendana miaka minne. Tulitazama filamu ya kwanza kwenye kompyuta yake, tumekaa sakafuni. Katika ile ya kwanza bandari iliyojengwa angani karibu na sayari ya Zohali inateketea, watu wote wanakufa, na vipaza sauti vinabaki vinafanya kazi peke yake. Sauti ya mwanamke, tulivu, inawaambia watu wasiokuwepo: "Milango inafungwa. Tafadhali sogea ndani." Rula aliipenda sauti ile. Kila nilipofunga friji, kabati, hata mkoba, alisema kwa sauti nyembamba, "Tafadhali sogea ndani."

Filamu ya tano ilikuwa aibu tupu. Nahodha alikufa mara mbili na kufufuka mara mbili. Tulitoka kabla haijaisha.

"Wakitengeneza nyingine, mimi simo," Rula alisema. "Wameshakamua mpaka maganda."

Wiki tatu baadaye alinipigia simu. "Nimechoka, Fundi," akaniambia. "Usinitafute." Hakusema zaidi. Namba ikafungwa. Ofisini kwake wakasema ameacha kazi. Sikupata hata mtu wa kugombana naye.

Hayo yalikuwa yametimiza miaka miwili na miezi kadhaa. Na sasa wamiliki wa Bandari ya Zohali walikuwa wamerudi, safari hii wanasimulia mambo ya kabla ya ile ya kwanza, jinsi bandari ilivyojengwa. Nikajiuliza, kuna nini cha kuniambia? Kila mtu anajua inaungua. Nilikata tiketi kama mtu anayetafuta mahali pa kusinzia kwa saa mbili, pakavu, pasipo na simu ya Mama.

Ukumbi ulikuwa nusu mtupu. Nilikaa katikati. Taa zilipokwisha kuzimwa, wakaingia watu wawili waliochelewa, mwanamke mbele na mwanamume nyuma, mkono wa mwanamume ukiwa juu ya bega la mwanamke. Wakakaa mstari wa mbele yangu. Filamu ikaanza, na mwanamke akaanza kunong'ona. Hakunyamaza. Nilitaka kumgusa bega nimwambie, dada, hapa si sebuleni kwenu.

Lakini filamu ilinishika kabla sijafanya hivyo. Nilikuwa nimejiandaa kwa milipuko na meli zinazofukuzana, nikakuta watu wanaofanya kazi. Mchomeleaji anaunga matangi ya maji. Mkewe ni mpishi wa kantini ya wajenzi, mwanamke mnene mwenye kucheka ovyo. Wanalala chumba kimoja na watu sita, kwa hiyo maneno yao yote ya mapenzi wanasemezana jikoni, sufuria zikichemka ili wasisikike. Siku moja msimamizi anatafuta mtu wa kurekodi matangazo ya milango, anamchukua mpishi kwa sababu wengine wote wana sauti za kugombeza. Anawekwa chumba cha kioo. Mumewe anasimama upande wa pili anamtazama, na kila mpishi akifungua kinywa anaangua kicheko. Mara sita. Mara ya saba mume anageuka, anampa mgongo, ili amsaidie. Mpishi anautazama ule mgongo kwa muda, kisha anasema: "Milango inafungwa. Tafadhali sogea ndani."

Ilikuwa sauti ileile.

Mbele yangu mwanamume akasema polepole, "Ndiye yeye, Dada. Ndiye wa milango. Kumbe alikuwa mtu."

Nilimjua. Miaka miwili haitoshi kusahau sauti iliyokuwa inakuamsha. Nikashika viegemeo vya kiti kwa mikono yote miwili. Ilikuwa shingo yake, na ile sehemu nyuma ya sikio ambapo kinyozi hakupata kumnyoa vizuri hata siku moja. Mwanamke nilimtambua pia, dada yake mkubwa, mkunga wa hospitali, niliyekutana naye mara moja tu.

Kilichonichanganya kilikuwa mnong'ono. Sasa niliusikia kwa masikio mengine. "Anaweka kiganja kwenye kioo," dada yake alikuwa anasema. "Mumewe amegeuka sasa. Anatabasamu." Mtu mwenye macho haambiwi hayo.

Nikaanza kuunganisha, na kila nilichounganisha kiliuma. Nilimtengenezea miwani tatu katika mwaka mmoja. Kila mara alisema taa za siku hizi hafifu. Alikuwa anajigonga kwenye milango, namtania kwamba analewa kwa maji. Dukani kwetu nimeona wangapi wanaokuja na barua ya daktari wa macho, barua yenye maneno ambayo lenzi yangu haiwezi kuyasaidia? Ninawajua kwa namna wanavyopapasa kingo za meza. Rula aliipapasa meza yangu mwaka mzima, nami nilidhani anautafuta mkono wangu.

Simu ya mkunga ikatetemeka. Akainama, akasikiliza. "Kuna mama ameanza uchungu kabla ya siku zake," alimwambia Rula. "Wananiuliza dawa. Nakuja sasa hivi, usiondoke hapo."

"Niende wapi?" alisema Rula, na dada yake akatoka mbio.

Na ndipo filamu ilipoacha kusema. Hapakuwa na neno, ni muziki wa chini tu na pumzi. Rula aligeuza kichwa upande wa kiti kitupu.

"Dada? Mbona kimya? Nini kinatokea?"

"Nyamazeni huko mbele," mtu wa nyuma akasema.

Rula akanyamaza. Aliinamisha kichwa, akakaa mbele ya kile kioo kikubwa cha mwanga kama mtu aliyeachwa chumba cha kungojea. Siwezi kusema niliamua. Nilijikuta nimezunguka mstari, nimekaa kwenye kiti cha dada yake, mdomo wangu uko karibu na sikio lake.

"Mchomeleaji yuko nje ya bandari," nikamwambia. "Anafunga tangi la maji. Kamba imekatika."

Alifunga ngumi juu ya goti. Nilisikia pumzi yake ikisimama, nami nikainuka nusu, sijui niondoke au nibaki.

"Endelea, Fundi," akasema.

Nikaendelea. "Tangi linaelea, linakwenda zake. Amelishika. Anaangalia bandari. Yuko katikati, anaona hawezi kurudi nalo. Sasa ameweka miguu kwenye tangi. Anajikunja. Analisukuma."

"Kuelekea wapi?"

"Bandarini, wapate maji. Na yeye anarudi nyuma. Amejisukuma mwenyewe, Rula. Anakwenda mbali."

"Na mkewe?"

"Yuko jikoni. Ameona dirishani. Hapigi kelele. Amekwenda kwenye swichi, anazima taa, anawasha. Anazima, anawasha."

"Ili ajue dirisha ni lipi," Rula alisema.

"Ndiyo."

"Yeye analiona?"

Nilitazama. Yule mchomeleaji alikuwa mdogo sasa kama punje ya mchele, na bandari nzima ilikuwa giza isipokuwa kidirisha kimoja kilichokuwa kinapepesa. "Analiona," nikasema. "Amenyoosha mkono."

Wote wawili tulikuwa tunalia, kila mmoja kwa upande wake, bila kugusana. Kisha milango ya bandari ikafunguka ili tangi liingizwe, na kwenye vipaza sauti mpishi akaisikia sauti yake mwenyewe ikitangaza kwamba milango inafungwa.

Taa zilipowaka watu walikaa kidogo kabla ya kuinuka. Mkunga alikuwa amesimama mwisho wa mstari, simu mkononi. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Alinitazama, akamtazama mdogo wake.

"Mama yule anahitaji niende," alisema. "Nina dakika kumi. Nitakuwa mlangoni." Hakunisalimu. Hakunifukuza pia.

Nilimwongoza Rula mpaka kwenye benchi nje ya ukumbi, karibu na mashine ya bisi. Alikaa, akakunja ile miguu yake mirefu. Alianza kunitafuta. Aligeuza uso kidogo, akasita, akageuza tena, kama anayechungulia tundu la ufunguo.

"Naona kwa katikati tu," alieleza. "Kama kutazama ndani ya bomba. Na bomba lenyewe kila mwezi linakuwa jembamba. Hicho ni kidevu. Subiri." Akapandisha macho. "Nimekupata."

Tulitazamana. Nilikaa bila kutikisika nisije nikapotea kwenye lile bomba.

"Umekonda," akasema.

"Tangu lini, Rula?"

"Tangu miwani ya pili nilijua. Ya tatu nilikuja tu nikuone unaifanya."

"Na hukuniambia. Mimi. Kati ya watu wote, mimi."

"Ungenisafirisha kwa madaktari wote, kisha ungekaa na mimi. Nilijua." Alisugua magoti. "Nilikuja kwenu, Fundi. Jumatano moja, wewe uko kazini. Nilitaka kumwambia mama yako kwanza ukweli, halafu nikupose. Sikutaka kuingia kwenye nyumba yenu na siri mfukoni."

Mashine ya bisi ilikuwa inapasuapasua. Nilisubiri iishe, haikuisha.

"Mama yangu anajua?"

"Usimchukie."

"Alikuambia nini?"

"Hakunifukuza. Angenifukuza ningerudi kesho yake. Alilia." Alisema kwa sauti ya chini. "Aliniambia baba yako alipopata kiharusi wewe ulikuwa na miaka saba. Kwamba alimgeuza kitandani miaka kumi na moja, kila baada ya saa mbili, na kwamba mgongo wake hadi leo haunyooki. Akaniuliza, unampenda mwanangu? Nikasema ndiyo. Akasema, basi muonee huruma. Ningemjibu nini?"

"Ungemjibu kwamba mimi nina mdomo wangu."

"Ningemjibu hivyo. Lakini nilipotoka nikajikwaa kwenye ngazi yenu, na nikafikiri, mama huyu hajasema uongo."

Nilimshika mkono. Akauacha mkono pale. Vidole vyake vilikuwa na kovu jipya la moto.

"Jumatatu saa mbili asubuhi napanda basi," alisema. "Kuna chuo cha watu kama mimi. Mwaka mzima. Watanifundisha kusoma kwa vidole, kutembea na fimbo, na kukanda misuli ya watu. Mchora ramani anakwenda kukanda migongo. Mwambie mama yako aje wa kwanza, sitamtoza."

Hakucheka, nami sikucheka.

"Nichukue," nikasema.

"Hapana."

"Sijakuomba kwa huruma."

"Najua. Nisikilize. Umekaa na mimi robo saa umenisimulia ile filamu vizuri kuliko dada yangu, ambaye ana miaka miwili ya mazoezi. Ulijua nini cha kusema na nini cha kuacha. Ndicho ninachokiogopa, Fundi. Kwamba utakuwa hodari. Utakuwa hodari kiasi kwamba hakuna atakayekumbuka kukuuliza kama umechoka. Wala mimi."

Mkunga alimwita kutoka mlangoni. Rula alisimama. Alinyoosha mkono, akagusa shavu langu, akalipata mara ya kwanza bila kupapasa.

"Ilikuwa nzuri," alisema. "Nilikuja kuicheka. Dada alinilazimisha nitoke ndani." Kisha, akiwa ameshanipa ubavu: "Usije kituoni. Tafadhali."

Akaweka mkono juu ya bega la dada yake, wakaingia mvuani.

Nilifika nyumbani saa kumi na mbili na nusu. Niliutembea mji mzima na mwavuli uliofungwa. Mezani palikuwa na vikombe vitatu, sahani ya biskuti iliyoliwa nusu, na kiti kimoja kilichosogezwa nyuma kwa adabu. Mama alikuwa jikoni ananipa mgongo.

"Amekungoja saa nzima," alisema. "Mtu mstaarabu. Hakunung'unika. Amesema labda kazi zimekuzidi. Nimesema uongo mbele ya mtu mzima kwa ajili yako."

"Nimemuona Rula."

Maji yaliendelea kutiririka kwenye beseni. Mama aliufunga mfereji, akabaki ameushika.

"Anaona kiasi gani?"

Hakuuliza Rula gani, wala kuna nini. Nilikuwa nimebeba maneno makali tangu kule sinema, nimeyapanga njiani moja baada ya jingine, na swali lile liliyamwaga yote.

"Kidogo," nikasema. "Kitundu."

"Maskini."

"Ulinitazama nikilia miezi sita, Mama. Ulinipikia uji. Ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ungekwenda." Aligeuka. Uso wake ulikuwa umechoka kuliko nilivyowahi kuuona. "Unadhani nilimkataa yule kijana? Nilimpenda. Wangapi wangekuja kusema ukweli wao kwa mama wa msichana? Ningekuwa na binti mwingine ningempa huyo mwingine. Wewe ndiye niliye naye."

"Wewe ulikaa na Baba."

"Nilikaa."

"Alikuambia ukae?"

Mama alikaa kwenye kile kiti kidogo cha jikoni, taratibu, kama anavyokaa siku zote, akiutanguliza mkono mezani kwanza. "Aliniambia niondoke. Mwaka wa kwanza, kila asubuhi, kwa ule mdomo wake uliopinda. Nenda, bado kijana. Nenda. Nami nilikataa, nilikuwa na kiburi. Watu wakasema, mke ni huyu. Niliishi kwa sifa hizo miaka mitatu. Ile minane iliyobaki sikuwa na kitu cha kuishi kwacho isipokuwa yeye mwenyewe."

"Ulijuta?"

Nje mvua ilikuwa bado inanyesha.

"Siku nyingi," alisema. "Siku nyingi nilijuta. Alipokufa nikatamani zirudi zote, na zile za kujuta humohumo. Sasa nikufundishe nini mimi? Nilichojua ni kwamba mimi sikuwa na mama wa kunisemea. Nikasema wewe utakuwa naye."

Nilichukua kitambaa, nikaanza kukausha vikombe. Hasira ilikuwepo, sikuitafuta wala kuificha. Mama aliinuka, akarudi kwenye beseni, akaosha kikombe alichonywea mwalimu mkuu, akanipa.

"Jumatatu asubuhi anaondoka," nikasema. "Chuoni. Mwaka mmoja. Amenikataza nisije kituoni."

"Kwa hiyo utakwenda."

"Nitakwenda."

"Atakurudisha. Namjua, ni mkaidi."

"Anaweza kunirudisha."

"Na akikurudisha?"

Niliendelea kusugua kikombe ambacho kilikuwa kimekauka zamani. Mama aliniangalia nikisugua, mpaka akashindwa, akaninyang'anya na kukiweka kabatini. Alisimama pale na mgongo wake uliopinda, mkono kwenye mlango wa kabati, hajaufunga.

"Basi la saa mbili watu hujaa kuanzia saa moja," alisema. "Kama unakwenda, nitakuamsha."